Kibanda cha Babu Ndani ya Ganda Jipya

Mila haikai paka katika ngoma na hadithi; inakaa pia katika nyumba. Kwetu Fizi, lubunga ni fasi ya wazee kusemezana. Na kwenye kasiksi, mwenye nyumba njo anaonja kwanza, mgeni apate kunywa bila wasiwasi. Basi tuangalie vile wengine wamejenga fasi yao ya kuonjea.

Huko Haro, katika Hispania, jamaa ya López de Heredia inatengeneza divai tangu 1877. Mwaka 1910 walipeleka kibanda cha mbao chenye nakshi kwenye maonyesho makubwa ya Bruxelles. Kisha kilifunguliwa vipande, kikasahauliwa kwao. Kilipopatikana tena, nyumba yao ikitimiza miaka 125, walimwomba Zaha Hadid, mzaliwa wa Baghdad aliyefariki 2016, akijengee kifuniko. Kazi yake ilionyeshwa Barcelona mwaka 2002, na huko Haro ikamalizika 2006.

Hadid hakuiga nakshi za zamani. Alikizungusha kibanda ganda la kupindapinda. Ukilichora kama limekatwa katikati, unaona umbo la karafe ya divai. Mtu anaweza kusema kipya kimemeza cha kale. Sisi hatukubali. Angeiga, nani angejua tena kipi ni cha babu na kipi ni cha mjukuu? Lawama yetu ni ingine: kwa inje ganda linavuta macho sana, mpita njia anaona paka Hadid, na kazi ya babu inangojea mtu aingie. Karafe isisifiwe kupita divai.

Kuna neno moja linalotugusa sisi Wakongomani. Mwaka ule ule 1910, Tervuren, karibu na Bruxelles, jumba jipya la makumbusho lilifunguliwa na vitu vya wazee wetu ndani. Kibanda cha Wahispania kilirudi kwao, ni chao. Kinyago Kakuungu cha Wasuku kilifika Kinshasa mwaka 2022, lakini kwa mkopo.

Vingine vikirudi, vitakuta nyumba gani? Tusivifungie katika depo, tena tusivijengee jumba la kumsifu mjengaji. Tujenge fasi ambamo mgeni akiweka mguu mulangoni, kitu cha kwanza anaona ni mkono wa babu.