Fonti Huria Hupimwa kwa Weupe Wake

Kila baada ya muda fonti mpya ya bure husambazwa kwenye makundi ya wabunifu wa Dar es Salaam na Nairobi, na pongezi humiminika kabla faili halijafunguliwa. Husifiwa mkia wa Q. Husifiwa mguu wa R ulivyopinda. Husifiwa kwamba ina uzito wa aina tisa na haidai hata senti. Kisha mtu anapanga nayo ukurasa mmoja wa Kiswahili, na maneno yanatoka na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la pili. Hapo hakuna anayesema kitu.

Kosa lao ni kutazama wino. Fonti hupimwa kwa weupe: ule uliomo ndani ya herufi, na ule unaoitenga na jirani yake. Mwanafunzi huchora herufi kwa miezi, nafasi akazipanga jioni moja. Walter Tracy, katika kitabu chake Letters of Credit cha mwaka 1986, alianzia kwenye H na O kwa herufi kubwa, n na o kwa ndogo. Hizo zikishatulia, nyingine hupimwa kwazo. Keningi, yaani kurekebisha nafasi kati ya herufi mbili mahususi, huja mwisho, kunyoosha jozi korofi tu. Fonti inayojigamba kwa maelfu ya jozi za keningi aghalabu inakiri kwamba kando za herufi zake zilipangwa ovyo, kisha kasoro zikazibwa moja moja.

Na Kiswahili hakina huruma. Sentensi zake hufunguka kwa Wa, Ya, Vy, Tw. Andika Watoto, Yaliyopita, Vyombo, Twende: a isipoingia chini ya bawa la W, kila mstari unaanza na ufa. Lakini mtihani wenyewe ni ritifaa. Chukua ng'ombe. Alama inaning'inia juu, chini yake shimo, g kushoto, o kulia. Fonti dhaifu huiachia nafasi kana kwamba ni herufi nzima, na neno hukatika: ng' huku, ombe kule. Nyingine huibana hadi ritifaa inagusa sikio la g. Kwenye ng'ang'ania neno hutoboka mara mbili, na msomaji husita bila kujua kilichomkwaza. Wachoraji wengi hawajawahi kuona neno la namna hiyo, kwa hiyo jozi ya g na ritifaa haimo kabisa kwenye orodha yao. Na ritifaa lazima ipinde. Iliyosimama wima ni ya taipureta, ibaki huko.

Mchoraji Victor Gaultney wa SIL, shirika linaloshughulikia lugha, hakungoja kuambiwa. Fonti yake ya Gentium aliianza akiwa University of Reading, Uingereza, ambako alitafiti alama zinazokaa juu na chini ya herufi. Ndiyo maana kiwimbi cha ĩ na ũ za Kikikuyu hakionekani kama kimedondoshwa kutoka fonti nyingine. SIL hiyohiyo ilitoa Andika, yenye jina la Kiswahili, kwa ajili ya wanaojifunza kusoma. Herufi zake a na g ni zile ambazo mtoto huandika kwa penseli. Waliozoea mapambo huiita ya kitoto, na hapo ndipo wanapojianika.

Gaultney na Nicolas Spalinger ndio walioandika OFL, leseni ya fonti huria, ambayo toleo lake la 1.1 ni la mwaka 2007. Inaruhusu kurekebisha, inakataza kuuza fonti peke yake. Matapeli hubadilisha jina na kuiuza hata hivyo, wakisahau kwamba jina la mchoraji wa kwanza bado limo kwenye taarifa za faili. Wengine hutengeneza koza kwa kuinenepesha mistari kwa programu. Hao hunaswa kwenye jicho la e: limejaa wino. Na italiki iliyopatikana kwa kuinamisha herufi wima si italiki. Hilo halina mjadala.

Zamani kazi ilikwenda polepole zaidi. Kampuni ya Bitstream ilipoiachia huru fonti yake ya Vera mwaka 2003, watu wa kujitolea waliikuza ikawa DejaVu, huyu akileta herufi za lugha yake na yule za kwake, wengi wakitumia FontForge ya George Williams, programu yenye sura ya kukatisha tamaa. Georg Duffner alichukua karatasi ya vielelezo vya herufi ya kiwanda cha Berner ya mwaka 1592 akaifanya EB Garamond. Alipoiacha haijakamilika, Octavio Pardo akaipokea. Mwaka 2010 ikaja Google Fonts, na pamoja nayo wingi. Hata Lobster ya Pablo Impallari, iliyochorewa maumbo kadhaa ya herufi ileile ili ziungane vizuri, imeishia kwenye mabango ya saluni, ikiwa imetanuliwa kwa upana.

Uzuri wa chanzo huria ni kwamba mchoraji hupatikana na kasoro hurekebishika. Jozi moja ya keningi si kazi ya wiki. Wabunifu wa Kiswahili na wapunguze pongezi, wachapishe ng'ang'ania kwa saizi 11, na likitoboka wamtumie mchoraji picha ya neno hilo.