Sifa ya Fundi wa Chasisi

Mteja anayetaka gari la mbio la kuundiwa yeye peke yake hufika karakanani na jina la malighafi mdomoni: titani, kaboni, alumini ya ndege. Fundi mzuri wa chasisi humwacha amalize, kisha humuuliza litakimbizwa wapi, nani atalikarabati likigonga, na bajeti ni kiasi gani. Namhusudu fundi huyu kwa maswali yake kuliko kwa mikono yake, ingawa mikono nayo si haba.

Analolijua ni kwamba chasisi hupimwa kwa kujipinda kabla ya kupimwa kwa kukatika. Gari likiingia kona kwa kasi na fremu ikajisokota, springi na shokapu hazina pa kuegemea, na usukani humdanganya dereva. Sasa, chuma hukataa kupinda karibu mara 3 ya alumini, lakini uzito wake nao ni karibu mara 3. Titani iko katikati kwa yote mawili. Ukigawanya ukakamavu kwa uzito, zote tatu hukaribiana mno. Hata kromoli, aina ya chuma inayosifiwa sana, huchelewa kukatika kuliko chuma cha kawaida, ila hupinda sawasawa nacho. Ukiinunua ili upunguze unene wa bomba, umepata wepesi na kupoteza ukakamavu, labda uongeze kipenyo.

Basi ukakamavu hutafutwa kwenye umbo, kwenye pembetatu za mabomba. Giulio Alfieri wa Maserati alilionyesha hilo mwishoni mwa miaka ya 1950: fremu ya gari la mbio la Tipo 61 aliifuma kwa vibomba vyembamba vya chuma yapata 200, ikafanana na tundu la ndege. Uchomeleaji wake tu unatosha kumvulia mtu kofia.

Alumini ina tabia zake. Ikichomelewa, hulegea kandokando ya kiungo. Ndiyo maana Lotus walipounda gari lao la Elise la 1996 waliiunga kwa gundi ya epoksi, wakapata chasisi ya kilo 68. Tena alumini huchoka. Chuma kisipozidishiwa mzigo chaweza kutumika miaka na miaka bila ufa. Alumini haina msamaha huo. Porsche walijaza gesi ndani ya mabomba ya alumini ya 917, gari la 1969, wakamwekea dereva geji: shinikizo likishuka, kuna ufa mahali. Mimi ningeshuka kabla ya mshale.

Kaboni ndiyo iliyovunja ulingano ule wa ukakamavu kwa uzito, mradi nyuzi zilazwe kuelekea nguvu inakopita. John Barnard aliitumia kwenye McLaren MP4/1 mwaka 1981. Mwaka huohuo dereva wake John Watson aligonga vibaya kwenye uwanja wa Monza, injini ikang'oka, naye akatoka mzima. Ila kaboni hudai kalibu na tanuri lenye shinikizo, na jeraha lake laweza kujificha ndani ambako jicho halifiki. Kutengeneza kalibu ya gari moja ni fahari ya matajiri.

Kwa gari moja la mtu mmoja, hukumu yangu ni bomba la chuma: hukatwa na kuchomelewa kwa vifaa vya kawaida, na likipinda hubadilishwa kipande. Fundi akikuambia chuma kinatosha, usimwone mshamba. Mwombe akuchoree pembetatu zake.