Bafu Uani, Mapambo Juu: Hesabu ya Maji na Ukavu katika Nyumba za Tabora

Februari 1872 David Livingstone na Henry Morton Stanley walifika Kwihara, kilomita chache nje ya Tabora, wakitokea Ujiji. Livingstone alikuwa na shehena iliyotumwa kutoka pwani na kuhifadhiwa hapo Unyanyembe kumngojea. Ilipofunguliwa, mchwa walikuwa wameshatafuna miti ya bunduki zake. Haikuwa mvua wala moto. Mzigo ulikaa gizani, chini, bila kuguswa kwa muda mrefu, na mchwa hahitaji zaidi ya hayo. Hivyohivyo ndivyo yanavyokaa leo mapambo ya sikukuu katika chumba cha kupanga: hufungwa Januari, husukumwa uvunguni, na hayaguswi tena hadi Desemba.

Hasara hiyo haikutokana na ujenzi mbovu. Tembe, nyumba ya kule Unyanyembe, lilijengwa na watu waliojua wanachokilinda. Kuta zilikuwa nene, za udongo. Paa lilikuwa bapa, udongo ulioshindiliwa juu ya miti, nao udongo haushiki moto kama nyasi. Vyumba vilipangwa kuzunguka uwanja wa ndani, vikatazama huko, na nje yakabaki matundu machache. Ndani zililala mali za msafara: marobota ya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba nyeupe na nyekundu. Kwa mwizi na kwa moto, nyumba ile ilikuwa jibu zuri. Lakini sakafu ilikuwa udongo mtupu, na mchwa hupanda kutoka chini akijijengea njia yake ya matope ukutani. Giza na utulivu vilivyomzuia mwizi ndivyo vilivyomkaribisha mchwa. Tembe la Kwihara limejengwa upya na sasa ni makumbusho. Anayepita Tabora akalione, na akiwa ndani aangalie sakafu kabla ya kuangalia mlango wa nakshi.

Wanyamwezi, wenyeji wa Tabora, walikuwa na jibu jingine, nami naliona bora. Waliambua gome la mti wa porini, wakalikunja likawa mviringo, wakalishona ukingoni, wakaliwekea kitako na kifuniko cha gome hilohilo. Hilo ndilo lindo. Kubwa lilihifadhi nafaka, dogo lilihifadhi nguo na vitu vya thamani. Gome ni jepesi, kwa hiyo lindo hunyanyuliwa na kuwekwa juu ya uchaga au darini, mbali na ardhi. Katika nyumba ya msonge dari hiyo ilikuwa juu ya moto wa kupikia, na moshi ulipanda kila siku ukakausha vilivyoko juu na kuwafukuza wadudu. Anayejua mizinga ya magome ya wafuga nyuki wa Tabora anaijua kazi hii ya mikono, maana ni ufundi wa nyumba moja. Ubora wa lindo haukuwa katika gome peke yake. Ulikuwa mahali lilipowekwa: juu, pakavu, na penye hewa inayotembea.

Upande wa maji, mantiki ilikuwa ileile, ila imegeuzwa. Paa la udongo na ukuta wa udongo haviwezi kuvumilia unyevu wa kila siku, kwa hiyo kuoga ni kazi ya uani: ua wa miti au makuti, mawe machache ya kusimamia, na mteremko wa kupeleka maji kwenye migomba. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na mji ukapanuka, ramani ya nyumba ya Kiswahili iliendeleza kanuni hiyo. Ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, mlango wa nyuma, kisha ua wenye jiko, choo na bafu. Kila chumba kinaweza kuwa nyumba ya familia nzima. Bafu ni la wote na asubuhi watu hupanga foleni. Hilo ni kero ya kweli, hasa kwa mama mwenye watoto wa shule. Lakini vyumba sita vinabaki vikavu.

Kinachowezesha bafu la uani ni ndoo. Hesabu yake inafaa kuangaliwa. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Chukua lita 4 zilizochemka, changanya na lita 11 za maji yenye nyuzi 20, utapata lita 15 za nyuzi 40. Hizo zinamtosha mtu mzima kujimwagia kwa kopo, kujipaka sabuni na kujisuuza, hata asubuhi ya Julai yenye baridi. Sufuria moja juu ya jiko la mkaa inatosha. Bomba la mvua hutoa lita 8 hadi 10 kwa dakika, maana yake dakika 5 tu ni lita 40 au 50. Enzi ambapo mji ulitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima pekee, wengi hawakuwa na nafasi ya kuchagua. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria uliozinduliwa mwaka 2021 umebadilisha hilo kwa nyumba nyingi, na pamoja nao umekuja mtindo wa chumba masta: bafu ndani, mlango ukutani, mpangaji anajifungia peke yake.

Siwalaumu wanaoupenda. Faragha ni haki ya mtu, na mwanamke asiyetaka kuvuka ua usiku ana sababu inayojitosheleza. Tatizo ni jinsi vyumba hivi vinavyojengwa. Bafu hupewa tundu dogo la hewa, au halipewi kabisa, na mvuke wa maji ya moto hutokea mlangoni ukaingia chumbani. Halafu fundi, kwa nia njema ya kuokoa nafasi, humimina zege dogo juu ya bafu na kusema hapo ni stoo. Hapo ndipo hupanda mti wa Krismasi wa plastiki, taa za rangi, mapazia ya sikukuu, vitambaa vya makochi na maua ya mezani. Ni sehemu yenye unyevu kuliko zote, imegeuzwa ghala. Baada ya miezi michache kitambaa kina madoa ya ukungu, na kwenye taa ncha za waya zimeota kutu ya kijani.

Msimu nao una neno. Mvua za Tabora huanza Novemba na kuisha Aprili. Mapambo ya Krismasi hufungwa Januari, hewa ikiwa imejaa maji, na wengi huyafunga siku hiyohiyo yanaposhushwa. Ni afadhali kungoja siku ya jua kali, kuyaanika hadi saa tisa alasiri, kuyaacha yapoe, ndipo yafungwe. Kitambaa kikitiwa kwenye begi la shangazi kaja kinapumua kidogo. Kikitiwa kwenye tranka la bati hakifikiwi na panya wala mchwa, ila unyevu ulioingia nacho hautoki. Kwa hiyo tranka ni zuri kwa vitu vilivyokauka kweli, na likae juu ya matofali, mkono mmoja kutoka ukutani, ili njia ya mchwa ikianza kujengwa ionekane kwa macho wakati wa kufagia.

Dari nayo isiaminiwe bila kufikiri. Chini ya bati tupu, mchana wa Oktoba, mshumaa hulainika, gundi huachia na plastiki ya waya hukakamaa. Kitambaa na karatasi vinaweza kukaa huko. Mishumaa na taa zishuke kwenye tranka.

Wanaopamba kwa ajili ya Idi walikuwa na nafuu kwa miaka mingi, sikukuu ilipoangukia kiangazi. Nafuu hiyo imekwisha. Idi el-Fitri hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2024 ilikuwa Aprili, mwaka 2025 mwisho wa Machi, na mwaka 2030 itaangukia mapema Februari, katikati ya msimu wa mvua. Mwaka 2033 inatarajiwa kuja mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena karibu na tarehe 23 Desemba, kutegemea mwandamo. Katika nyumba ya vyumba sita yenye Waislamu na Wakristo chini ya bati moja, mapambo yatatolewa wiki ileile na kuanikwa kwenye ua mmoja, mvua zikinyesha. Anayejenga sasa na aiache nafasi ya kamba ndefu juani, mbali na mlango wa bafu.