620 Isiyohimili Maji ya Chai

Kemia ya Liu na Ren haina doa. Kosa lao ni namba waliyoamua kuitanguliza. Walipotangaza BZT-BCT mwaka 2009, seramiki isiyo na risasi, waliweka mbele d33 (kipimo cha chaji inayotokana na mkandamizo) ya pikokulombi 620 kwa nyutoni, kisha katika ikisiri wakatabiri kwamba fuwele moja ya mchanganyiko huo ingefika 1500 hadi 2000. Joto la Curie, yaani joto ambalo seramiki hupoteza polaraizesheni yake, halimo katika ikisiri hiyo. Anayeishia hapo ataamini kwamba PZT-5H, seramiki ya risasi yenye 593 yake, imeshapitwa.

Haijapitwa. PZT-5H inapoteza polaraizesheni kwenye nyuzi 193 hivi za Selsiasi. Mchanganyiko wenye 620 unaipoteza kwenye 93.

Tuikalie kidogo namba hii. Chukua kisahani cha BZT-BCT kilichopakwa fedha pande zote mbili na kupewa mwelekeo kwa volti ndani ya mafuta ya silikoni. Kibane kwenye mita ya d33, namba yake nzuri itatokea papo hapo. Sasa kitumbukize kwenye sufuria ya maji yanayotokota. Mombasa maji hayo yana nyuzi 100. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, yana 94 hivi, na bado yamevuka mstari. Kitoe, kikaushe, kirudishe kwenye mita: utasoma karibu na sifuri. Hakijavunjika wala kubadilika rangi, ila piezo imekwisha. Seramiki isiyohimili maji yanayotokota haijashindana na PZT. Imeshindana nayo mezani tu, kwenye joto la chumba.

Watetezi wa Liu na Ren watasema joto hilo lipo kwenye mchoro wa awamu. Lipo, na mchoro wenyewe ndio unaowasuta. Mpaka wao wa mofotropiki, unaotenganisha awamu mbili za fuwele, unaanzia kwenye nukta ya awamu tatu, nyuzi 57, x (asilimia ya BCT) ikiwa 32, ukateremka mpaka joto la chumba x ikifika 50. Mpaka umelala. Pasha kisahani kidogo tu, umeshauacha mpaka, na d33 inashuka nawe muda mrefu kabla ya 93.

Mpaka wa PZT umesimama karibu wima. Ndiyo maana sichoki kumrudia Bernard Jaffe. Mwaka 1954, pale National Bureau of Standards ya Marekani, yeye na Roth na Marzullo walituonyesha nguvu iliyopo kando ya mpaka ambao joto haliusogezi sana. PZT ya mpakani isiyotiwa kiongezi ina d33 ya 223 tu. Leo mhariri angeipita bila kuitazama mara mbili. Lakini joto lake la Curie linakaribia nyuzi 390, na juu ya msingi huo zikajengwa sona, vichunguzi vya ultrasaundi na hata kile kibonyezo kinachowasha jiko la gesi.

Mbadala unaovumilia joto zaidi unawezekana: Saito na wenzake wa Toyota, mwaka 2004, waliifanya KNN, seramiki nyingine isiyo na risasi, yenye chembe zilizopangwa, ikafika 416 na joto la Curie la 253. Kazi safi.

Onyo la kutotegemea namba moja nimeshalitoa kuhusu vitanzi vya histeresisi pia, yaani michoro ya polaraizesheni dhidi ya volti. Mwanafizikia J. F. Scott alipaka fedha kwenye ganda la ndizi mwaka 2008, akapata kitanzi ambacho wengi wangekiita feroelektriki, kumbe ni uvujaji wa mkondo. Bado naletewa vitanzi vya ndizi kila mwaka. Ugonjwa ni uleule: kipimo kimoja rahisi kinapewa kazi ya ushahidi wote.

Sipingi kuiondoa risasi. Zaidi ya nusu ya uzito wa PZT ni risasi, na aliyeona watoto wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, walivyoumizwa na madini hayo hawezi kuitetea kwa moyo mweupe. Kwa sababu hiyo hiyo mbadala wake lazima upimwe kwa ukali. Nilichokitaka mwaka 2009, na ninachokitaka kwa kila seramiki mpya inayodai kumrithi Jaffe, ni mchoro mmoja kwenye ukurasa wa kwanza: d33 dhidi ya joto, kutoka nyuzi 20 hadi 150, mstari wa PZT-5H ukiwa pembeni yake.