Mtindo wa Msanii wa Tanzu Nyingi: Howard Hawks na Filamu ya Hatari!

Ukiabiri gari kutoka Kitengela ukaelekea kusini, utapita Isinya, Kajiado na Bissil hadi Namanga. Ukivuka mpaka na kuipita Longido, barabara iyo hiyo itakufikisha Arusha. Ni huko, karibu na Mlima Meru, ambako kati ya mwaka 1960 na 1961 Mmarekani Howard Hawks aliongoza filamu aliyoipa jina la Kiswahili, Hatari! Filamu hii si kitabu teule wala haitatahiniwa. Naileta hapa kwa sababu ilinifichulia kosa ambalo nimekuwa nikilifundisha kwa miaka kadhaa.

Kosa lenyewe lahusu mtindo. Swali likimtaka mtahiniwa afafanue mtindo wa mwandishi, wengi wetu tumemzoeza kuorodhesha: takriri, tashbihi, methali, barua, ndoto, kila hoja na mfano wake. Alama hupatikana, sikatai. Muhula uliopita niliwaonyesha wanafunzi wangu wa kidato cha tatu vipande vya filamu nne za Hawks, kisha nikawauliza mtindo wake ni upi. Mmoja aliandika kwamba mwongozaji huyu hana mtindo, kwa kuwa kila kazi yake ni ya aina nyingine. Nilimwekea alama ya vema bila kusita.

Ushahidi ulikuwa upande wake. Hawks alizaliwa Indiana mwaka 1896, akasomea uhandisi wa mitambo, akaongoza filamu yake ya kwanza mwaka 1926 na ya mwisho, Rio Lobo, mwaka 1970. Katika miaka hiyo 44 alizifanyia kazi karibu studio zote kubwa za Hollywood. Scarface (1932) ni ya majambazi. Bringing Up Baby (1938) ni kichekesho chenye chui na mtaalamu wa mifupa ya kale. The Big Sleep (1946) ni ya upelelezi, Gentlemen Prefer Blondes (1953) ni ya nyimbo na ngoma, na Land of the Pharaohs (1955) ni ya ujenzi wa piramidi. Red River (1948) yahusu watu wanaoswaga maelfu ya ng'ombe kutoka Texas hadi Kansas. Hapo wanafunzi wangu waliotoka maboma ya Kajiado walikuwa na mengi ya kumsahihisha mwongozaji. Hata wenzake huko Hollywood walimwona fundi tu wa kupewa kazi yoyote: hakuwahi kushinda tuzo ya Oscar kwa ushindani, ila walimpa moja ya heshima mwaka 1975, miaka miwili kabla ya kufa kwake. Wahakiki wa Kifaransa, akiwemo Jacques Rivette aliyeandika juu yake mwaka 1953, ndio waliosema mapema kwamba fundi huyu ni msanii.

Waliona nini? Hebu tuzisome kazi zake jinsi tunavyopaswa kusoma diwani. Katika Only Angels Have Wings (1939) marubani wa kusafirisha barua hufa mmoja baada ya mwingine. Mmoja anapokufa, mwenzake anakaa mezani na kuila nyama aliyokuwa ameagiza marehemu. Mgeni wa kike anashtuka, na anachukua muda kung'amua kwamba ule si ukatili. Ndivyo wanavyojizuia kulia. Sasa ruka hadi Hatari!, miaka zaidi ya 20 baadaye. Wakamataji wa wanyama wa kupelekwa bustani za ng'ambo wanaanza kazi, na kifaru anamjeruhi mwenzao vibaya. Kijana anayetaka nafasi yake hakaribishwi kwa maneno matamu. Anajaribiwa kwanza kwa bunduki. Utanzu umebadilika, lakini kundi ni lile lile: watu wachache, kazi yenye hatari, na heshima inayopatikana kwa ustadi peke yake.

Mwanamke naye hujirudia. His Girl Friday (1940) ilitokana na tamthilia ya mwaka 1928 ambamo mwandishi wa habari alikuwa mwanamume. Hawks alimgeuza kuwa mwanamke, tena mtalaka wa mhariri wake, na mara mabishano ya kazi yakawa pia mabishano ya ndoa. (Mwalimu, lijaribu zoezi hilo kwa mhusika yeyote wa kitabu teule, darasa halitalala.) Katika Hatari! kambi inamngojea mpigapicha mwanamume, anakuja Dallas. Tamathali gani ingetuonyesha uhusiano huo? Hakuna. Mtindo wa msanii wa tanzu nyingi ni kile kinachobaki baada ya utanzu kuondolewa. Niliifuta ile alama ya vema na kumwomba mwanafunzi msamaha.

Nilidhani somo limekwisha. Ndipo msichana mmoja ambaye kwao ni mbele ya Bissil aliponiuliza, "Mwalimu, na hao wanaoshika kamba wanaitwa nani?"

Tulirudi kutazama. Waafrika wamo kwa wingi. Wanapanda magari na kukimbilia nyavu, na kuna sherehe ambamo Dallas anapewa jina la Mama Tembo. Lakini jioni inapofika, wanaocheka na kupendana pale sebuleni ni Mmarekani, Mjerumani, Mfaransa, Mwitaliano na Mmeksiko. Filamu ilitoka mwaka 1962. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na habari hiyo huisikii humo. Lugha ya wenyeji imetoa jina la filamu, wenyewe wakabaki mandhari.

Yamkini mwenzangu atasema hayo ni maudhui, si mtindo. Mimi naona ni mtindo ule ule tuliousifu. Kundi la Hawks ni dogo na lina mlango. Ustadi ndio ufunguo, lakini hapa wapo wastadi ambao hawakuulizwa hata majina. Mlinganishe na Said Ahmed Mohamed, ambaye naye ametunga riwaya (Utengano, 1980), mashairi (Sikate Tamaa, 1980), tamthilia (Kitumbua Kimeingia Mchanga) na hadithi fupi (Tumbo Lisiloshiba). Ondoa utanzu, na kinachobaki ni jicho linalowatafuta waliosukumwa pembeni. Kwa ufundi wa kumfukuza kifaru kwa gari, Hawks sijamwona mshindani. Kwa jicho hilo, hana la kumfundisha Mzanzibari huyu.

Katika mwongozo wangu wa kusahihisha hapakuwa na nafasi ya swali la yule msichana. Niliongeza mstari kwa kalamu, alama mbili.