L'Enfant noir: nguo safi kwa bibi

Mongo Beti alimlaumu Camara Laye, eti L'Enfant noir (1953) inaficha ukoloni. Ndugu wasomi, hebu rudieni sura ya Tindican. Mtoto yuko kwa bibi yake. Wenzake wanacheza, wanafukuza ndege shambani. Yeye kavalishwa nguo za mwanafunzi, zinambana. Wanamstaajabia, kumbe yeye njo anawaonea wivu! Ukoloni uko pale, kwenye zile nguo. Ila Laye anapita haraka, haulizi nani kamvisha.

Sisi wa Kisangani Masako tunaijua kwa TFC: panya, miti, takwimu. Batoto wetu wakienda kwa koko Batiabongena wikendi, wanataka kujifanya nyani, wawinda, chochote. Tunawapigia kelele: "Usichafuke, kesho masomo!"