Ufundi wa Mkia wa Neno

Anayeanza kujifunza Kituruki hutishwa na urefu wa maneno. Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kutishika. Chukua neno görüştürülmediler. Mzizi ni gör, ona. Ongeza üş, watu wanaonana. Ongeza tür, kuna anayewaonanisha. Ongeza ül, wanaonanishwa. Kisha me inakanusha, di inalipeleka jambo wakati uliopita, na ler inataja kuwa ni wao. Hawakuonanishwa! Sasa lipasue neno letu: on, an, ish, w. Kutendana, kutendesha, kutendwa, kwa mfuatano uleule, katika lugha mbili zisizo na undugu. Ila sisi ukanushi, nafsi na wakati tumevitanguliza. Mturuki huvipanga nyuma, hata msikilizaji hajui kama jambo lilitendeka mpaka neno likaribie kwisha.

Na viambishi hivyo havibandikwi ovyo. Kila kimoja husikiliza irabu iliyokitangulia. Wingi wa ev, nyumba, ni evler; wingi wa kitap, kitabu kilekile tulichokipata sote kwa Waarabu, ni kitaplar. Nasi tunayo hiyo, kwa uchache: pikia lakini somea, limisha lakini somesha. Kituruki kimeieneza karibu neno zima, na ni viambishi vichache tu, kama yor ya wakati uliopo, visivyotii.

Ninachokistahi zaidi ya vyote ni kiambishi miş. Geldi ni amekuja, nami nasimama kwa neno langu. Gelmiş pia ni amekuja, lakini nimeambiwa, au nimeona viatu vyake mlangoni. Sisi hapo hutafuta msaada nje ya kitenzi: eti, kumbe, inasemekana. Mturuki ameutia ushahidi ndani ya kitenzi chenyewe, na ngano husimuliwa kwa miş, kwa kuwa msimuliaji hakuwapo. Mahmud al-Kashgari, aliyetunga kamusi yake kuu ya Kituruki kwa Kiarabu katika karne ya 11, alikwisha kuieleza tofauti hiyo.

Walimu wengi huichelewesha miş kana kwamba ni pambo. Mimi ningeifundisha mapema, tena kwa nafsi ya kwanza, ambako ndiko inakong'aa: uyumuşum, kumbe nililala. Aliyelala hakujishuhudia akilala, na sarufi inamruhusu aseme hivyo.